Malale: kipimo kipi, dawa ipi? Ulinganisho kutoka meza ya labo, Lubumbashi

Mama mukubwa alishuka kwenye treni kutoka Kongolo na mfuko wa samaki wakavu na karatasi tisa za labo. Zote tisa ziliandikwa malaria. Alikuwa ametibiwa ugonjwa huo mara tisa ndani ya miaka miwili, kwenye vituo ambavyo sitavitaja, na naamini kwamba mara nyingi kipimo kilikuwa kinasema kweli. Mtego uko hapo. Mtu anayeishi kandokando ya mto Lualaba anaweza kukutwa na vijidudu vya malaria siku yoyote ukimpima, huku kinachomuumiza hasa ni kitu kingine.

"Mama, unalalaka saa ngapi?" nilimuuliza.

"Usingizi inanikamataka muchana. Usiku niko macho tu, niko nangoja jogoo."

Nilipitisha vidole nyuma ya shingo yake. Tezi zilikuwa pale, laini kama mpira, haziumi, zinateleza chini ya kidole. Kwa miaka miwili hakuna aliyemgusa shingo.

Tangu siku ile, wenzangu wa senta za afya na ndugu wa wagonjwa huniuliza maswali yaleyale kuhusu malale, au ugonjwa wa usingizi kama wengi wanavyouita hapa: kipimo gani ni bora, dawa gani ni bora. Jambo moja tuliweke kando mapema: bei ya dawa si sehemu ya uchaguzi. Dawa za malale zinatolewa bure na kampuni za Sanofi na Bayer kupitia Shirika la Afya Duniani. Ukiuziwa dawa ya malale, kuna mtu anakuibia. Kinachochaguliwa ni mambo mengine: friji ipo au haipo, mgonjwa anakula au hali, kuna muuguzi wa kumwangalia au hakuna.

CATT au kaseti ya haraka

Vipimo hivi viwili vinatafuta kitu kimoja: kinga ambazo mwili umetengeneza dhidi ya Trypanosoma brucei gambiense, kimelea cha malale ya kwetu Kongo. Havimwoni mdudu mwenyewe. Vinaona nyayo zake.

CATT ilitengenezwa Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1978. Unaweka tone la vimelea vilivyouawa na kutiwa rangi ya bluu kwenye kadi ya plastiki, unaongeza tone la damu, unakoroga, halafu kadi inazungushwa kwenye mashine kwa dakika 5. Damu yenye kinga inaifanya ile bluu ishikane vidongevidonge, kama unga ulioingia maji kidogo. Damu isiyo na kinga inaiacha laini. Kichupa kimoja kinatosha watu wapatao 50, na kinataka ubaridi wa friji tangu kinapotoka kiwandani.

Kaseti ya haraka ilikuja miaka ya 2012 na 2013, na kila anayejua kaseti ya malaria anaijua tayari. Tone la damu ya kidole, matone ya maji yake, subiri dakika 15, soma mistari. Haitaki umeme wala mashine, na mtu mmoja anatumia kaseti yake bila kuwasubiri wengine 49.

Timu yenye gari, jenereta na kijiji kizima kimepanga foleni chini ya mwembe, ichukue CATT: gharama ya kila mtu ni ndogo na kazi inakwenda kasi. Senta ya afya inayopata mtu mmoja wa kushukiwa kwa mwezi haina sababu hata moja ya kufungua kichupa cha watu 50. Ichukue kaseti. Hapa sisiti.

Onyo moja la mezani: mstari hafifu ni mstari. Nimeona mwanafunzi akiinamisha kaseti huku na huku dirishani, mwisho akaandika "hakuna" kwa sababu mstari ulikuwa mwepesi kama alama ya penseli iliyofutwa. Ukiuona, na mstari wa udhibiti, ule unaoonyesha kwamba kaseti imefanya kazi, upo, andika kwamba upo.

Lakini kuandika kwamba upo si kuandika kwamba mtu ana malale. Tuseme unapima watu 10,000 ambao kati yao wagonjwa ni 2. Tuseme kipimo chako kinawakamata wote wawili, na kati ya wazima 100 kinawakosea 2 tu. Kipimo kizuri kabisa. Wazima waliobaki ni 9,998. Asilimia 2 yao ni watu 200. Kwa hiyo utashika mkononi majibu 202 yenye mstari, na wagonjwa wa kweli ni 2. Ukiwalaza wote 202, umewatesa watu 200 bure.

Hesabu hii imezidi kuwa kali kadiri ugonjwa unavyopungua. Mwaka 1998 dunia iliandikisha wagonjwa karibu 40,000. Mwaka 2009 idadi ilishuka chini ya 10,000 kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, na mwaka 2018 ikawa chini ya 1,000, wengi wao wa Kongo hii hii. Habari njema kwa watu, ila kila mstari unaouona leo kwenye kaseti una uzito mdogo kuliko mstari wa mwaka 1998. Unaupa uzito kwa kumtazama mtu: ametoka wapi, anavua samaki wapi, tezi zikoje, usingizi umegeuka au haukugeuka. Mstari wa kijana wa Kamalondo, mtaa wa hapa mjini, ambaye hajawahi kuvuka Likasi na mstari wa mama mukubwa si kitu kimoja.

Kumtafuta mdudu mwenyewe

Sasa kazi yangu hasa. Kuna njia nne au tano, na watu wengi wanaanzia pabaya kwa sababu ndiyo waliyoizoea: gute epesi, tone nene la damu, lilelile la malaria.

Shida yake ni hesabu. Ili tone nene likuonyeshe trypanosoma, damu inatakiwa iwe na vimelea wapatao 5,000 katika kila mililita. Malale ya gambiense ni ugonjwa wenye subira, mtu anakaa miezi au miaka na wadudu wachache mno kwenye damu. Ukitumia mirija myembamba ya kioo iliyozungushwa kwenye sentrifuji, ambayo vitabu vinaiita njia ya Woo, unashuka hadi kama 500. Ukitumia kolomu ndogo ya geli, mAECT, unashuka hadi kama 50. Kati ya ya kwanza na ya tatu ni mara mia. Mtu mmoja, damu moja, asubuhi moja: labo hii itasema hana, ile itasema anaye.

Kolomu hiyo inatengenezwa nyumbani, Kinshasa, kwenye INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ambayo jina la Profesa Jean-Jacques Muyembe linajulikana nayo zaidi kwa sababu ya Ebola. Naipenda kwa namna inavyofanya kazi. Chembe za damu zina chaji hasi kubwa kuliko ya trypanosoma; ukimimina damu juu ya geli, chembe zinanasa, mdudu anapita. Nusu mililita ya damu inaingia juu, nyekundu. Chini kwenye kijimrija yanadondoka maji meupe. Unakizungusha, unakilaza kwenye hadubini, unatazama ncha tu. Wakiwepo, huhitaji kuambiwa. Wanajipindapinda kama mikunga midogo iliyotupwa kwenye beseni.

Juisi ya tezi, yaani maji yanayovutwa kwa sindano kwenye tezi ya shingo, ndiyo ndugu maskini wa familia hii, na ninaitetea. Kama shingo ina tezi, sindano moja, kioo kimoja, kifuniko, dakika chache, basi. Haina sentrifuji wala geli. Si kila mgonjwa ana tezi zenye wadudu, kwa hiyo ukikosa hujathibitisha kitu, lakini ukipata umemaliza safari. Nashangaa senta zinazolalamika kwamba hazina kolomu huku sindano zimejaa kabatini.

Njia ya Woo ibaki mahali pake: ina nguvu kuliko tone nene, na haitaki vifaa vya kuagiza kutoka Kinshasa. Tatizo lake kwa watu wa misituni ni vijiminyoo vya filaria. Vinakusanyika kwenye utepe uleule mweupe unaoutazama, vinapiga mikia, na macho yanachoka haraka.

Kwa mama mukubwa, juisi ya tezi ilijibu. Chembe nyekundu zilikuwa zinasukumwasukumwa bila mtu kuonekana, kama nyasi ambamo panya anapita, kisha akatokea. Nilimwita mwenzangu aangalie naye, si kwa sababu nilikuwa na shaka.

Kutoa maji ya mgongo au kuacha

Zamani swali hili halikuwepo. Kila mgonjwa alichomwa mgongo, kwa sababu dawa ilitegemea mdudu amefika kwenye ubongo au bado. Chembe nyeupe 5 au chini kwa kila mikrolita, bila mdudu kwenye maji yale, ni hatua ya kwanza. Zaidi ya hapo, ya pili.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 ulilegeza. Mgonjwa asiye na dalili zinazoleta wasiwasi wa ubongo ulioathirika sana anaweza kupewa fexinidazole bila kuchomwa mgongo, kwa kuwa dawa hiyo inatibu hatua zote mbili. Sindano inabaki kwa anayechanganyikiwa, aliyebadilika tabia, anayeyumba akitembea, anayepata degedege, na kwa mtoto mdogo ambaye fexinidazole haimfai.

Mama mukubwa alikuwa anatetemeka mikono na anauliza swali moja mara tatu. Tukaamua kutoa maji. Hapa kuna jambo ambalo hospitali kubwa hulisahau: chembe na wadudu walio ndani ya maji ya mgongo huanza kuharibika ndani ya dakika 10 hadi 20. Maji yakitolewa saa nne na kufika labo saa sita, unahesabu makaburi. Nilisimama mlangoni mwa chumba, nikapokea kijimrija kingali na joto. Chembe 34.

NECT au fexinidazole

Tuanze na tulikotoka, maana bila hivyo huwezi kuelewa kwa nini wazee wanaogopa. Melarsoprol, dawa ya miaka ya 1940 yenye arseniki, iliua takribani mgonjwa 1 kati ya 20 waliopewa, na ilichoma mshipa kama pilipili. Huko Mbuji-Mayi, mwishoni mwa matumizi yake, ilikuwa pia imeshindwa kuponya wengi. Baadaye ikaja eflornithine peke yake: serumu, yaani dripu, 56 kwa siku 14. Hesabu mwenyewe usiku wa muuguzi mmoja mwenye wodi nzima. Dawa hiyo ilikusudiwa saratani, na wakati mmoja ilikaribia kutoweka kabisa huku krimu yake ya kupunguza nywele usoni mwa wanawake ikipata soko nchi za kitajiri.

NECT iliingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Ni eflornithine kwa serumu mara 2 kwa siku, siku 7, pamoja na vidonge vya nifurtimox mara 3 kwa siku, siku 10. Serumu 14 badala ya 56. Inaponya vizuri sana. Inataka kitanda, mshipa mzuri, maji safi ya dawa, mikono inayojua kazi, na katoni nzito za kusafirisha hadi mwisho wa barabara.

Fexinidazole ni vidonge tu, siku 10. Molekuli yake ilitengenezwa na Hoechst na kuachwa rafuni, hadi shirika la DNDi lilipoifufua mwaka 2005 likitafuta kati ya dawa zilizosahaulika. Majaribio makubwa yaliyofanyika zaidi hapa Kongo, yakiongozwa na Daktari Victor Kande, yaliwaweka wagonjwa 394 wa hatua ya pili, sehemu moja kwenye fexinidazole, nyingine kwenye NECT. Baada ya miezi 18, fexinidazole ilikuwa imefanikiwa kwa asilimia 91.2 na NECT asilimia 97.6. Ruhusa ya Kongo ikatoka mwishoni mwa 2018.

Mtu akisoma namba hizo haraka atasema: basi NECT imeshinda, kwa nini tuhangaike? Tofauti ile ilikuwa ndani ya mpaka uliokubaliwa kabla ya majaribio kuanza. Na wale 97.6 walilazwa katika hospitali zilizoandaliwa kwa utafiti. NECT ya kwenye karatasi na NECT ya kituo ambacho pikipiki ndiyo gari la wagonjwa si dawa moja. Ila tofauti si ya kupuuza kwa kila mtu. Kwa mgonjwa mwenye chembe 100 au zaidi kwenye maji ya mgongo, pengo linapanuka, na hapo NECT ndiyo chaguo la kwanza. Usibishane.

Kwa wengine walio wengi nachagua fexinidazole, kwa sharti ambalo watu hulichukulia kama adabu tu: chakula. Tumbo likiwa tupu, dawa hiyo inaingia kidogo sana mwilini. Biskuti na chai havitoshi. Mtu mwenye kilo 35 na zaidi anakunywa vidonge 3 vya miligramu 600 kila siku kwa siku 4, kisha 2 kila siku kwa siku 6. Mwenye kilo 20 hadi 34 ni 2, kisha 1. Kila dozi baada ya mlo wa kweli, kila dozi mbele ya macho ya muuguzi. Ndiyo maana wodi iliyompokea mama mukubwa ilikuwa na utaratibu mmoja mzuri: muuguzi anakuja kuangalia sahani kwanza. Bukari na sombe vimekwenda? Anafungua pakiti. Bukari iko palepale imekauka juu? Anakaa kitandani, anangoja.

Siku ya pili alitapika. Siku ya tano hakulala kabisa, akawa anaongea na mdogo wake aliyekufa zamani. Kichefuchefu, kichwa kuuma, kutetemeka, kukosa usingizi na mawazo ya ajabu vinajulikana kwa dawa hii, na vinatisha familia kwa sababu vinafanana na ugonjwa wenyewe. Binamu yangu alitaka dawa isimamishwe. Daktari alikataa, akaongeza macho ya kumwangalia usiku.

Kwa hiyo: mtoto chini ya miaka 6 au chini ya kilo 20, fexinidazole hapana, atapewa pentamidine, sindano 7 za msuli, kama ni hatua ya kwanza, au NECT kama ni ya pili. Mgonjwa asiyeweza kula, hapana. Mwenye matatizo ya moyo yanayojulikana au ini lililoharibika, daktari aamue kwa makini. Na mtu unayejua fika atarudi kijijini siku ya tatu kwa sababu mihogo yake inaibiwa? Mlaze. Ukishindwa kumlaza, usimpe pakiti akaondoka nayo.

Kidonge cha siku moja

Wengi wanauliza kuhusu acoziborole, maana habari yake inavutia: vidonge 3 kwa mkupuo mmoja, basi. Majaribio yaliyofanyika Kongo na Guinée yalichukua wagonjwa 208. Kati ya 167 wa hatua ya pili, asilimia 95.2 walikuwa wamefanikiwa baada ya miezi 18. Wale 41 wa hatua za mwanzo, wote. Namba nzuri, ila hakukuwa na kundi la pili la kulinganisha nalo, wote walipewa dawa hiyohiyo. Kwa hiyo usiiweke 95.2 kando ya 91.2 ukatangaza mshindi; ni majaribio mawili tofauti. Kinachonivutia mimi ni kwingine: dawa salama ya dozi moja ingebadilisha ile hesabu ya watu 202, kwa kuwa kumtibu mtu mwenye mstari bila kumwona mdudu kusingekuwa tena mateso. Majaribio ya watu wa namna hiyo, wenye kinga lakini bila kimelea kuonekana, yalianzishwa kwa washiriki karibu 1,200.

Wanaovuka Kasumbalesa

Hii ni fupi lakini kwetu Lubumbashi ina maana. Ukivuka mpaka huo, upande wa Zambia, hasa bonde la Luangwa, na Malawi, kuna malale nyingine, rhodesiense, inayokwenda mbio: wiki na miezi badala ya miaka. CATT na kaseti hazioni hiyo. Dereva au mwindaji aliyerudi kutoka mbuga za huko na homa kali, na kidonda kigumu mahali alipoumwa na mbung'o, asirudishwe nyumbani kwa sababu kaseti haina mstari. Mpeleke kwenye hadubini moja kwa moja. Kwa rhodesiense damu huwa na wadudu wengi, na hata tone nene, nililolisema vibaya hapo juu, linatosha mara nyingi. Fexinidazole ilijaribiwa kwa ugonjwa huu Malawi na Uganda, na tangu 2024 ndiyo inayopendekezwa kwanza, badala ya ile arseniki.

Siku ya kumi mama mukubwa alikula sahani mbili. Aliambiwa arudi wakati wowote ndani ya miezi 24 kama usingizi wa mchana utamrudia. Alipokuwa anafunga mizigo aliniuliza kama wanaweza kumwongezea vidonge kidogo, kwa sababu jirani yake Kongolo, mke wa mvuvi, analala namna ileile. Nilimwambia vidonge haviwezekani. Nikachukua nyuma ya moja ya zile karatasi tisa, nikamwandikia infirmie, muuguzi wa kule: gusa shingo, halafu kaseti, na tezi ikiwepo tumia sindano, usingoje kolomu. Aliikunja mara nne akaifunga kwenye pembe ya kitenge, pale anapowekaga pesa.